Mkia wa Saini

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imetoka nje ya mlango, ikapinda kona, ikafika kwenye ngazi za maktaba. Kazi za muhula zilikuwa zinapokelewa mwisho saa nne kamili, na ilipogonga saa tatu na nusu mashine moja kati ya mbili ilikuwa imeshameza karatasi na kugoma. Wanafunzi wa chuo cha afya, matabibu wa kesho wote hao, walikuwa wanasukumana kama mbuzi kwenye lori.

Mwisho kabisa alisimama kijana mrefu, fulana kaivaa ndani nje, kamba za viatu moja nyeupe, moja nyekundu. Walimwita Kasuku, kwa sababu sauti aliyoisikia mara mbili, mara ya tatu aliitoa yeye. Akaitazama foleni, akaitazama saa, akakohoa.

"Kwa hakika, eee, kwa hakika! Nani kawaruhusu kuziba njia?"

Ilikuwa sauti ya Mkuu wa Idara, na kikohozi chake na kila kitu. Watu wakajibana ukutani, vichwa chini. Kasuku akapita katikati taratibu, mikono nyuma, mpaka mlangoni, na pale mlangoni akakuta mtu mmoja hajasogea.

Blauzi ya bluu iliyopigwa pasi mpaka mikono ina makali. Nywele zimesukwa mistari iliyonyooka kama daftari. Saa kaivaa uso ukiwa kwa ndani, na kwapani kabana rula ya chuma.

"Mkuu wa Idara yuko humu ndani," alisema yule dada bila kugeuka. "Anatoa kopi. Amekusikia."

Kweli bwana. Mkuu mwenyewe akachungulia, miwani puani. "Kwa hakika," akasema, "eee, rudi mwisho wa foleni."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kasuku akainama kwa yule dada. "Si ungenikonyeza tu, dada yangu?"

"Nikukonyeze kwa nini? Ulikuwa unavunja foleni."

"Nimeaibika."

"Ndiyo," alisema. "Umeaibika."

Kasuku alirudi mwisho wa foleni, na huko mwisho wa foleni alikufa akaoza kwa yule dada.

Kumbe walikuwa darasa moja. Darasa lenyewe la watu mia mbili, na Kasuku humo alikuwa mgeni wa heshima, anakuja akijisikia. Dada alikaa mstari wa mbele, anapigia mstari kila kichwa cha habari kwa rula, wenzake wakamwita Rula. Wiki iliyofuata kiti cha nyuma yake kikapata mwenyewe.

"Habari, Rula."

"Nzuri. Fulana umeigeuza."

"Ndiyo mtindo."

"Lebo inaonekana. Imeandikwa ifuliwe kwa maji baridi."

"Basi nifue taratibu, mpenzi."

"Nani mpenzi wako?"

"Naulizia tu kama nafasi ipo."

Rula alijikaza kisabuni, lakini kicheko kikamtoka puani. Mwezi haujaisha, wakawa wanakula sahani moja. Darasa zima lilishangaa. Huyu hajawahi kuchelewa tangu azaliwe, yule hajui hata chumba cha maabara kiko ghorofa ya ngapi!

Mama yake Rula aliishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Miaka ishirini na mbili alifua makoti ya madaktari kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mpaka figo zikachoka, akawa sasa anarudi hospitali ileile kama mgonjwa. Kila jioni alimpigia binti yake. Siku moja Kasuku akaichomoa simu na kuitika kwa sauti ya Rula: "Shikamoo, mama. Leo nimekula saa saba na dakika nne."

Mama alicheka mpaka akapaliwa. "Nani wewe?"

"Ni mwanao, mama. Nina mafua."

"Mwanangu hana mzaha hivyo. Wewe ni mwanaume, tena umekaa karibu naye kupita kiasi. Hujambo, mkwe?"

"Sijambo, mama mkwe!"

Rula akataka ardhi ipasuke. Lakini mama aliendelea. "Mkwe, nipe ahadi. Siku akivalishwa koti jeupe, unipigie wewe. Yeye ataniambia lina vifungo vitano, basi. Wewe utanisimulia. Nimefua makoti ya watoto wa wenzangu, nataka nisikie la wangu."

"Nitakupigia, mama. Mwisho wa muhula tu."

Koti hilo ndilo lilikuwa roho ya Rula. Bila koti huingii wodini, na bila wodi wewe si tabibu. Na daktari wa mama alikuwa ameshasema habari ya miezi, bila kusema mingapi.

Alasiri moja, maktaba, Kasuku alikuwa anachorachora badala ya kusoma. Rula akachungulia. Saini yake, imejaa ukurasa mzima.

"Hii nini?"

"Nakuiga. Nikikukosa nakutazama hapa."

Mwingine angeona haya, au angekasirika. Rula alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kuona kosa akalipita. "Mkia umekosea," alisema. "Unauleta juu. Mimi naushusha, halafu ndiyo naukata." Akauweka mkono wake juu ya mkono wa Kasuku, wakauandika pamoja. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya kumi, mkono haujaondoka, na saini imeshakuwa sawa zamani.

Sasa Kasuku angejua pa kukomea, tusingekuwa na la kusimulia.

Siku ya kuzaliwa ya Rula ilikuwa Jumatano. Kasuku akaazima simu, akampigia kwa sauti ya Mkuu. "Kwa hakika, eee, njoo ofisini kwangu sasa hivi. Ni muhimu." Yeye mwenyewe kasimama nje ya ofisi, keki mkononi, meno nje. Rula akaja mbio, kandambili mguu mmoja, nywele nusu zimefumuliwa. Alipoiona keki akakaa chini kwenye sakafu ya korido.

"Heri ya kuzaliwa, mpe…"

"Nilijua mama amekufa." Alisema bila kuitazama keki. "Nilijua wameogopa kuniambia kwenye simu."

"Rula, samahani, sikufikiria…"

"Wewe unacheza na sauti za watu. Mimi simu ikiita tu naona jeneza. Ondoka."

Akaondoka na keki yake. Alhamisi alipiga mara kumi na moja, hakupokelewa. Ijumaa kaka yake Rula akapiga: mama kalazwa, hali si nzuri. Rula akaenda kwa Mkuu, akaomba ruhusa, akapewa barua yenye muhuri, akasafiri. Hakumwambia Kasuku. Angemwambiaje mtu ambaye hasemi naye?

Jumatatu ilikuwa maabara, na kukosa maabara bila ruhusa ni kulikosa koti. Karatasi ya mahudhurio ikazunguka, ikafika kwa Kasuku. Mstari wa Rula ulikuwa mtupu.

Kajifungia chumbani kwa kunikasirikia mimi, aliwaza Kasuku. Nitamkosesha koti mtoto wa watu. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasaini. Mkia akaushusha, halafu ndiyo akaukata. Akaipitisha karatasi mbele, moyo mwepesi, kama mtu aliyepeleka maua na kuyaacha mlangoni.

Alhamisi Rula akarudi, macho yamevimba. Mama ametoka hatarini, kwa sasa. Alimkuta Kasuku kwenye benchi la nje ya maktaba, akakaa, akaegemea bega lake.

"Umenisamehe?"

"Sina nguvu ya kukununia. Kaa hapo tu."

Alikaa. Neno la saini lilimfika mdomoni, akaliona dogo, akalimeza.

Kesho yake alasiri Rula alikuja anacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Leo nimekukamata! Simu yako ya mchana, ya namba ya kuazima tena. Eti kamati ya nidhamu, Jumatatu saa tatu. Nimekwambia 'Kasuku, wee, utanimaliza', nikakata. Lakini umemuiga vizuri! Hata kikohozi kilikuwa kizuri kuliko cha mwenyewe."

Kasuku hakucheka.

"Mbona umenyamaza?"

"Rula," alisema, "mimi leo sijapiga simu."

Kisha Kasuku akamwambia yote, kuanzia mstari mtupu mpaka mkia. Rula alisikiliza bila kupepesa. Barua ya ruhusa inasema hakuwepo, karatasi inasema alikuwepo, na zote mbili zina jina lake.

"Nilikuwa na ruhusa," alisema mwishowe. "Nilikuwa na muhuri. Ungeacha mstari mtupu tu."

"Sikujua."

"Najua hukujua."

Jumatatu, koridoni, Kasuku alikuwa amevaa shati la kuazima, amelichomekea. "Nisikilize, mpenzi. Nitasema nimesaini mimi. Wakikuuliza kama ulijua naiweza saini yako, sema hujui. Neno moja tu. Hujui. Mimi watanifukuza, sawa, mimi chuo hiki tulikuwa tunasumbuana tu. Wewe utavaa koti."

Rula alikuwa anaipangusa rula yake kwa kitambaa.

Ndani walikuwa watatu: Mkuu, mama mshauri wa wanafunzi, na mwalimu wa maabara. Karatasi ikawekwa mezani. Kasuku akasema amesaini yeye, peke yake, bila kutumwa.

"Kwa hakika," Mkuu alisema, "eee, wewe si ndiye unayejifanya mimi? Nitajuaje kwamba leo hujifanyi shujaa?"

"Nipeni kalamu."

Akaandika saini tatu mbele yao. Mwalimu wa maabara akaziweka kando ya ile ya karatasi, akazitazama, akaisukuma karatasi kwa mama mshauri. Nne zilifanana kama vidonge vya pakiti moja.

"Hivi vidole vimefanya mazoezi," mama mshauri alisema. Akamgeukia Rula, na sauti yake haikuwa mbaya. Ilikuwa sauti ya mtu anayeshikilia mlango ili mwenzake apite. "Binti. Kama aliiba saini yako, wewe huna kosa. Ulijua kwamba anaiweza?"

Kasuku alimtazama. Hujui, mpenzi. Neno moja.

Rula alimtazama mama mshauri, kisha ile karatasi, zile saini, ile mikia minne iliyoshuka ndipo ikakatwa.

"Mkia nilimfundisha mimi," alisema. "Alikuwa anaukosea. Ila sikumtuma."

Mama mshauri akafumba macho. Mkuu akakohoa, na safari hii hakuna aliyekuwa na hamu ya kumuiga.

Kasuku akafukuzwa. Rula akasimamishwa miaka miwili, kwa kosa la kutoa saini yake kwa mwingine.

"Kwa nini?" Kasuku alimlilia nje, hajali nani anatazama. "Kwa nini usiseme hujui? Mama yako hana miaka miwili!"

"Unadhani sijui hesabu?"

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua," alisema Rula, akaenda zake.

Ijumaa ilikuwa siku ya makoti. Kutoka chumba cha Rula bwenini ungesikia makofi ya ukumbini, jina baada ya jina. Godoro lilikuwa limekunjwa, ukuta una alama nne za gundi paliposimama ratiba yake. Kasuku alikuja kumbebea begi, hakuitwa. Walikuwa wanakunja shuka pande mbili, simu ikaita.

Mama.

Rula aliitazama mpaka ikakatika. Ikaita tena.

"Anajua ni leo," alisema. "Anahesabu tangu mwaka jana. Kaka hajamwambia, ameshindwa. Na mimi…" Alikaa kwenye chuma cha kitanda. "Mimi nikifungua mdomo nitasema kweli. Uliahidi utampigia wewe."

"Rula, usinifanyie hivyo."

"Uliahidi. Weka spika."

Kasuku aliipokea simu kama mtu aliyepewa kaa la moto. Akajikohoza.

"Kwa hakika, eee, habari ya mchana. Naongea na mzazi? Napenda kukujulisha kwamba leo binti yako…"

Kicheko kidogo kikatoka upande wa pili, kimekwaruza, kina pumzi fupi. "Mkwe, nakujua. Acha huyo babu. Niambie kwa sauti yako mwenyewe. Amevaa?"

Ukumbini walipiga makofi. Maisha yake yote Kasuku alikuwa amedanganya kwa midomo ya watu wengine. Hajawahi kuitumia yake.

"Amevaa, mama."

"Limemkaa?"

"Limemkaa. Mabegani kama limeshonewa hapohapo."

"Mabega ya baba yake hayo. Kola je? Kola ndiyo inayowashinda wafuaji wa siku hizi, inalala kama sikio la mbwa."

"Kola imesimama, mama." Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na sauti imenyooka kama rula. "Imesimama, nyeupe, ukiitazama macho yanauma. Ameitwa wa kwanza. Watu wote wamesimama."

"Wanapiga makofi. Nawasikia."

"Ndiyo, mama. Wanampigia yeye."

Kisha pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua ndoo kichwani. "Basi. Mwambie asilitie jiki. Jiki linakula uzi." Simu ikakatika.

Rula alikuwa amegeukia ukuta. Halafu akasimama, akajifuta uso, akachukua simu yake mkononi mwa Kasuku, akaifuta nayo, akachukua begi.

"Asante," alisema. "Umesema vizuri."

"Nikusindikize mpaka kituoni?"

"Hapana."

"Nikupigie ukifika?"

Alifika mlangoni, akasimama. Mikono ya blauzi ilikuwa na makali ya pasi kama siku ile ya foleni.

"Usinipigie," alisema. "Kwa sauti ya mtu yeyote." Kisha, polepole zaidi, "Na yako sasa nimeisikia inavyodanganya. Sitaijua tena."

Ukumbini walikuwa wamefika herufi za mwisho. Kasuku alibaki ameshika pembe mbili za shuka, nusu imekunjwa, upande wa pili umelala sakafuni.