Mwanga wa Mlangoni

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025. Temeke iliamka na mawingu mazito na joto la kunata. Mvua ilitishia bila kunyesha. Mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilikutana, na sokoni waliofunga walikuwa wengi kuliko wauza chakula.

Anselmo, mlinzi wa mchana wa ghala moja, alikuwa amerudi darasani na mvi zake mbili tatu kusomea upigaji picha jioni. Alisimama kwenye duka la vitambaa la Felicitas, dada mweusi tii aliyevaa gauni la kitenge cha njano.

"Naomba shuka jeupe, sista."

"La harusi au la msiba?"

"La picha."

"Kwani picha inalala?"

Bi Bahiya, muuza manukato wa duka la pili, alijiziba mdomo kwa mtandio. "Mie nimefunga, msinichekeshe."

Jumatatu Anselmo alirudi kununua uzi asiouhitaji. Jumatano akarudi bila kisingizio. Kisha zikaanza simu za jioni.

"Umefuturu nini, mpenzi?"

"Mie Mkatoliki, Anselmo. Nimekula ugali na dagaa. Wewe?"

"Nasikiliza sauti yako."

"Utakonda."

Wiki iliyofuata Anselmo alikuja na taa na flashi ya mtumba, ampige picha ya kumtumia mama yake mwenyewe huko Masasi. Darasani alikuwa ameelewa jambo moja tu, kwamba picha hutaka mwanga. Basi akaisogeza taa karibu na uso wa Felicitas, akafyatua na flashi pia. Kwa furaha akaituma Masasi kwanza, ndipo akamwonyesha.

Uso ulikuwa umepauka kama unga. Pua haikuonekana.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Mie mweusi. Umenichubua ili mama yako anikubali?"

"Hapana, ni taa tu."

"Taa uliishika wewe."

Tangu siku hiyo hakupokea simu zake. Anselmo alimpelekea mwalimu picha ile. "Flashi ya karibu inaunguza," mwalimu alimwambia. "Tafuta mwanga uliotulia." Jioni Anselmo alipiga magoti kando ya kitanda. *Bwana, nimemuumiza kwa kutojua. Nifundishe kuona.*

Asubuhi moja alitokea dukani na kamera na lile shuka jeupe, bila taa.

"Sikuja kubembeleza. Simama hapo mlangoni, ndani kidogo, jua lisikufikie. Picha moja tu, kisha nitaondoka."

"Simama, mwanangu," Bi Bahiya alisema. "Ukikataa nitasimama mie."

Anselmo alimpa Bi Bahiya lile shuka alishike upande wa pili, ili mwanga wa nje uligonge na kurudi polepole kwenye shavu lenye kivuli. Akapiga mara moja.

Felicitas aliitazama kwa muda mrefu. Weusi wake ulikuwepo wote, na kidoti cha chini ya jicho, hata uchovu wa kulia.

"Hapa ni mie," alisema taratibu. "Lakini mama yako anamjua yule mwingine."

Anselmo alipiga simu Masasi, akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo, mama. Ile picha niliiharibu kwa taa. Felicitas ni mweusi, na ndivyo ninavyompenda."

"Marahaba. Kwa hiyo haumwi?"

"Nani?"

"Huyo mwenzio. Nilimwona kapauka, nikajua hana damu. Namsalia rozari kila siku."

Felicitas aliegemea majora ya vitambaa akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Shikamoo, mama. Mie mzima."

"Marahaba, mwanangu. Sasa sala zangu je?"

"Usiache, mama. Bado nazihitaji."

"Na wewe Anselmo, unamtaka kweli au unampiga picha tu?"

Wateja wawili waliacha kuchagua vitenge. Bi Bahiya alikuwa bado ameshika shuka. Anselmo alivua kofia yake.

"Mama, unanisikia, na hawa wananiona. Pasaka ikipita, napeleka barua ya posa kwao Ukonga. Nikikubaliwa, nitamleta Masasi nimshike mkono mbele ya ukoo mzima, kama Mungu alivyomuumba."