Tawi Lililoharibu Picha

Kila Jumamosi Walburga hufagia uwanja wa kwao Msamala, huosha vyombo, ndipo hunywa chai na viazi vitamu. Jumamosi ile alifagia nusu uwanja tu, akakimbilia shuleni. Klabu ya mazingira ilikuwa inapanda milima ya Matogoro, na yeye ndiye mpiga picha. Mjomba Joachim alikuwa amemwazima kamera ndogo ya kufunga kifuani. Njia nzima hakuacha kuigusa, utadhani ingeota miguu.

Mwalimu Athanasi alitangulia, na Mwalimu Lidwina alitembea katikati ya wanafunzi. Kila njia ilipogawanyika, alikata tawi bichi na kulilaza kwenye njia isiyopitwa, ili wa nyuma wasipotee. Hivyo ndivyo wafanyavyo watu wa huko wakienda porini. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua, na Walburga alijua.

Lakini kwenye njia panda ya tatu, tawi lilikaa katikati kabisa ya picha. Wenzake walikuwa wametangulia; nyuma alibaki Tabu peke yake, akifunga kamba za kiatu kwenye kijito walichotoka kuvuka. Kamera ikiwa inarekodi, Walburga alilivuta tawi kando, akaielekeza kwenye miti mizuri ya masuku, kisha akawakimbilia wenzake. Kulirudisha hakukumbuka.

Kileleni mwalimu aliwahesabu wanafunzi. Akahesabu tena.

"Tabu yuko wapi?"

Waliita. Hakuna aliyeitika. Ukungu ulikuwa unaifunika miti, na radi iliguruma kwa mbali.

"Matawi yote niliyaweka, kwa hiyo hawezi kuwa amepotea," alisema mwalimu, sauti yake imebadilika. "Lazima ameumia kijitoni. Tutashuka huko."

Walburga alikumbuka tawi la tatu. Tabu hakuwa kijitoni. Hakuna aliyemwona akiondoa tawi ila kamera, na picha ile ingefutika kwa kubonyeza mara mbili tu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Aliogopa sana.

"Mwalimu," alisema akiondoa kidole kwenye kitufe, "tawi la tatu nililiondoa mimi. Liliniharibia picha."

Mwalimu hakugomba, na hilo lilimtisha zaidi. "Nionyeshe."

Kwenye kioo kidogo cha kamera mkono wake ulionekana ukivuta tawi, njia ikabaki wazi.

"Njia hiyo inaishia korongoni!" Mwalimu aliwaacha wengine na Mwalimu Lidwina, akashuka mbio pamoja na Walburga.

Walimkuta Tabu ameketi hatua chache kabla ya korongo, akilia, hathubutu kusogea katika ukungu.

"Njia zote mbili zilikuwa wazi," alisema. "Nikafuata ile pana."

"Nisamehe, Tabu. Ni mimi niliyeondoa tawi."

"Wewe na kamera yako!" Tabu alimsukuma. Kisha akamshika mkono, na hakuuachia mpaka walipofika kwa wenzao.

Siku ya wazazi video ilionyeshwa shuleni. Egidi, kiongozi wa klabu, alikuwa amemshauri Walburga akate kipande cha video chenye tawi, naye akakataa. Mkono ulipoonekana ukilivuta, watu wote waligeuka kumtazama mpiga picha. Walburga aliinamisha kichwa.

Mwalimu Athanasi alisimama. "Mkono huu ulimpoteza Tabu," alisema. "Mwenye mkono angenyamaza, tungemtafuta kijitoni, na mvua ingemkuta ukingoni mwa korongo. Wanangu, kukosea mtakosea. Semeni mapema, wakati bado kuna wa kuokolewa."

Tabu, aliyeketi mstari wa mbele, ndiye aliyeanza kupiga makofi.