Siku Kaka Alipoanguka Gerezani

Kaka yangu ni fundi viatu. Mimi ni fundi cherehani. Tunafanya kazi kwenye baraza moja, mbele ya nyumba ya mama. Yeye anagonga nyundo, mimi nakanyaga cherehani, na wateja wanalalamika kwamba hawasikilizani. Ndani anaishi pia mjomba, kaka yake mama. Mjomba hana kazi maalumu, ila kutoa amri.

Kaka ana kifafa tangu utotoni. Akimeza vidonge vyake kila jioni, anakaa miezi bila kuanguka. Akivikosa, anaanguka. Si uchawi wala si laana. Ni ugonjwa wa ubongo, kama vile kuna magonjwa ya tumbo na ya macho.

Wakati mmoja vidonge viliadimika kliniki. Kaka akaanguka sokoni, juu ya trei za mayai. Miguu yake ilitupwa huku na huku, ikampiga mwenye mayai. Watu wakasema, "Mlevi huyo." Hakuna hata mmoja aliyemnusa mdomo. Wakamfunga kamba, wakamkabidhi kwa polisi. Kesi ikaandikwa, kaka akapelekwa gerezani kuisubiri. Mtu anaumwa, anapewa pingu. Mpaka leo nikikumbuka natamani kuvunja kitu.

"Mwacheni huko huko," mjomba alisema. "Angalau na sisi tutalala."

Nilimwuliza kama moyo huo alizaliwa nao au aliununua. Mama akaniambia ninyamaze, mkubwa hajibiwi.

Vidonge vilipopatikana, mama alimtuma mjomba avipeleke gerezani. Alirudi, akasema mzigo umefika. Tukashukuru. Tukaendelea na kazi, tukijua kaka anameza dawa.

Siku ya kuwaona wafungwa tulikwenda wote watatu. Chumba cha wageni kimegawanywa kwa wavu wa chuma kutoka ukuta hadi ukuta. Sisi huku, wao kule. Kaka alikuja amekonda, macho yameingia ndani.

"Dawa unameza vizuri?" nikamwuliza.

"Dawa gani? Tangu nije sijaona hata kidonge."

Niligeuka kumtazama mjomba. Mjomba alikuwa anatazama dari.

Kabla sijafungua mdomo, kaka alitoa sauti moja nzito, akaanguka sakafuni. Mwili wote ukaanza kutikisika.

Upande wetu, watu walipanda juu ya mabenchi ili waone vizuri. Mwanamke mmoja akasema, "Msimguse, povu hilo linaambukiza." Mwanamume mmoja akapenyeza kalamu kwenye wavu. "Mtieni hii katikati ya meno." Mjomba naye hakubaki nyuma. "Mwagieni maji," akaamuru. Hao ndio watu huru, wenye viatu na manukato, wanaorudi kulala kwao.

Upande wa pili, mfungwa mmoja mwenye mabega mapana alinyanyua mkono. "Msogeleeni, kisha geukeni," akawaambia wenzake.

Wafungwa wakasimama mstari mmoja, wamebanana. Migongo kwa kaka, nyuso kwetu. Sikuelewa, nikapandwa na hasira, nikadhani wamemtupa. Nikapiga magoti, nikachungulia katikati ya miguu yao. Ndipo nikaona kwamba kaka amejikojolea. Walikuwa wanamsitiri.

Yule mwenye mabega alikuwa amevua shati, amelikunja na kuliweka chini ya kichwa cha kaka. Alisogeza benchi ili asijigonge. Alimfungua kifungo cha shingoni. Hakumkandamiza mikono wala miguu. Hakumtia kitu mdomoni. Mtikisiko ulipopungua, alimgeuza ubavu taratibu, mate yakatoka yenyewe.

Askari akaja na rungu. "Nani anapigana hapa?"

"Hakuna anayepigana, afande. Anaumwa. Tuangalizie saa yako. Ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni hospitali."

Askari akashusha rungu, akaangalia saa.

Haikufika dakika tano. Kaka alifumbua macho. Yule mtu akawa anamwambia kwa sauti ya chini, "Umeanguka kidogo. Uko nasi. Pumzika." Wenzake wawili wakamfunika shuka, wakakaa naye.

Mama alimwita yule mtu kwenye wavu. "Mwanangu, wewe ni daktari?"

"Hapana, mama. Mimi nilikuwa nauza nyama. Humu wananiita Bucha. Nilimkata mtu kwa hasira, na kifungo changu nimekistahili."

"Sasa haya umejifunza wapi?"

"Nilikuwa na binti. Alipoanguka, nilimtia kijiko mdomoni, kama nilivyoona watu wakifanya. Jino likavunjika, likamziba koo. Nesi alinifundisha baada ya mazishi."

Mama alishika wavu kwa mikono yote miwili. "Na huko ndani, wanamtenga mwanangu?"

"Mwanzoni walitaka alale karibu na choo. Nikawaambia povu ni mate tu, kifafa hakiambukizi. Hawakuniamini. Nikala naye sahani moja mbele yao. Wakangoja niugue, wakachoka kungoja." Akatabasamu. "Siku hizi wanapokezana kulala karibu naye. Lakini mama, wema wetu hautoshi. Anahitaji dawa. Akikaa bila dawa, siku moja ataanguka asiamke."

"Tulileta dawa," nikasema.

"Haikufika, dada. Leteni kadi yake ya kliniki. Na dawa iwe kwenye pakiti yake, yenye jina lake. Mwombeni askari awafikishe kwa nesi wa zahanati ya gereza. Mkononi kwake, si kwa mtu mwingine."

Tulipotoka nje nilimsimamisha mjomba katikati ya njia. Sikujali nani anasikia. "Dawa iko wapi?"

Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha gazeti. Vidonge vya kaka vilikuwa ndani, vimeanza kumeguka.

"Walivikataa mlangoni," akasema. "Walisema vidonge visivyo na jina vinaweza kuwa sumu."

"Pakiti uliipeleka wapi?"

"Niliitupa. Imeandikwa kifafa. Watu wangeniona vipi?"

Aliona aibu kubeba pakiti, akaona aibu kusema amekataliwa, na kwa aibu zake mbili kaka angekufa. Juu ya hayo yote akathubutu kuongeza, "Ila muwe macho na yale majambazi. Yana lao jambo." Nyani haoni kundule.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe, na kadi na pakiti mpya. Nesi wa gereza alizipokea, akawa anampa kaka dawa kila jioni na kumwona akimeza. Nesi wa kliniki yetu alikwenda mahakamani kueleza kwamba mtu mwenye kifafa hachagui pa kuanguka wala wa kumpiga. Mwenye mayai alisikiliza, akasema hana tena mashtaka. Kaka akarudi nyumbani. Tangu hapo hajaanguka, kwa sababu dawa haikatiki. Tunaifuata kliniki kabla haijaisha. Kila siku ya wageni kaka anakwenda kumwona Bucha, ambaye hana ndugu anayemtembelea.

Jioni ile ya kwanza kaka aliporudi, mama aliandaa sinia moja. Mjomba akasema, "Huyu apakuliwe peke yake."

Mama hakuwahi kubishana na kaka yake tangu nizaliwe. Alifuta mikono, akamtazama. "Wafungwa wamekula naye. Wewe ukiogopa, mlango ule pale."

Mjomba alichukua chakula chake, akaenda kula barazani, amenuna. Alikula huko wiki nzima. Hakuna aliyembembeleza. Kisha ikaja mvua ya upepo, ikapiga mpaka kwenye cherehani yangu. Mjomba akaingia na sahani imejaa maji, akasimama mlangoni, hajui aweke wapi miguu yake.

Kaka akasogea, akampa nafasi.

Mimi nisingesogea.