Moteri Iliyokatwa Sauti

Bariyeri ilishuka mbele ya pikipiki iliyonibeba jua likizama. Mlinzi alisema kuanzia saa ile njia ni ya malori ya mgodi tu. Nilimwonyesha sanduku la barafu. Nilimwambia ndani kuna mifuko miwili ya damu ya yaya Falonne, dada yangu mkubwa, aliyejifungua asubuhi ng'ambo ya ziwa Nzilo na ambaye mpaka sasa alikuwa anavuja damu. Nikamuuliza ni sheria gani ya nchi hii inayompa mtu haki ya kufunga njia ambayo babu yangu aliikuta. Katika midahalo ya kampasi, swali kama hilo linaleta makofi. Mlinzi alirudi kwenye kiti chake cha plastiki, akafungua kopo la sardini.

Ilibaki njia ya maji.

Nilikimbia mpaka ufukoni. Wenye mashua walikuwa wamekwisha kuondoka, kila mmoja na moteri yake begani, maana ikilala nje inaibwa. Alibaki mzee mmoja, Tata Muteba, akifungua skrubu za moteri yake. Alikataa. Giza likiingia, alisema, yeye hatoki. Nikampiga hoja juu ya hoja: mgonjwa, damu inayoharibika, mtoto ambaye hajaonja hata ziwa la mama. Hakuna iliyomgusa. Hoja ziliponiishia nikalia, na machozi ndiyo yalimshinda. Akairudisha moteri mahali pake, akakaza skrubu bila kuniangalia.

"Kama unasikia kitu kule katikati, mama, usijibu."

Nilidhani anasema juu ya walinzi wa doria.

Tukaondoka. Niliweka sanduku kwenye ubao wa mbele, nikakaa nyuma yake. Vichwa vya miti iliyokufa zamani, ziwa lilipojazwa, vilitoka majini pande zote kama vidole. Simu ilikuwa bado na mtandao kidogo. Mama Glodie, muuguzi wa ng'ambo, aliniambia mapigo ya moyo ya Falonne yanashuka, nisichelewe. Kisha mtandao ukafa.

Tulikuwa katikati ilipoanza.

Biiiiiii...

Nyembamba. Ndefu. Bila kukatika.

Mimi nasoma elektromekanika, najua sauti zile za alarme ya moteri. Fupi-fupi ni mafuta yamepungua. Ndefu ni moteri inachemka, maji ya kuipooza hayaingii. Nilimwambia Tata Muteba azime. Hakugeuka. Alikaza macho mbele, kama mtu anayepita karibu na mbwa. Nilimpigia kelele kwamba itaungua, na ikiungua hapa, Falonne anakufa. Ndipo akazima.

Moteri ikanyamaza.

Sauti haikunyamaza.

Biiiiiii...

Nikaanza kutafuta kosa, moja baada ya lingine, kama tulivyofundishwa. Maji: moteri ilikuwa imekojoa maji yake ya kupooza vizuri njia nzima, mkojo baridi, niliuona mwenyewe. Tuliinua mguu wake, nikamulika matundu yanayovuta maji. Hakuna sashe ya plastiki iliyoziba, hakuna majani. Mafuta: yamejaa. Joto: niliweka kiganja juu ya chuma. Vuguvugu tu. Hata hivyo kulikuwa na harufu... ya mpira unaoungua, ya mafuta yaliyokaangwa. Nikang'oa waya wa betri.

Biiiiiii...

"Tata Muteba. Alarme yenyewe iko wapi?"

"Haiko."

Alifungua kifuniko, akavuta mkono wangu wenye simu karibu. Nyaya mbili zilikuwa zimekatwa, ncha zake zimefungwa kipande cha mpira wa baiskeli. Pale panapokaa alarme palikuwa patupu.

"Njo mimi nilikata," alinong'ona. "Mi mwenyewe."

Akanieleza kwa maneno machache, mdomo wake karibu na sikio langu. Kila anayebeba madini gizani anakata, alisema, kwa sababu mlio ule unasafiri juu ya maji kuliko moteri yenyewe, na walinzi wanaufuata. Wakati wa mvua zilizopita, mdogo wake Kalenga ndiye aliyeshika moteri hii, mashua imejaa magunia na wachimbaji wa mgodi wa Mutoshi. Sashe ikaziba maji. Moteri ikachemka kimya kimya, bila neno, mpaka ikakwama. Upepo ukageuza mashua ubavu. Wachimbaji waliokotwa, wakazikwa. Moteri iliokotwa pia. Muteba akaikausha, akabadilisha pistoni, akairudisha kazini, kwa kuwa batoto wanakula kila siku.

Kalenga hakuonekana.

"Ikilia, mi narudia," alisema. Tayari alikuwa ameshika kasia, anageuza mashua tulikotoka.

Hasira ilinipanda. Huyu ameziba mdomo wa moteri sababu ya magunia, na sasa anataka dada yangu alipie woga wake. Nyuma yetu kulikuwa na bariyeri na mtu wa sardini. Mbele kulikuwa na Falonne. Nikasimama. Nikaongea na giza.

"Kalenga. Kama unalia juu ya kutuua, dada yangu hakukukosea kitu. Kama unalia juu ya kutuokoa, kulia kwa mbali haitoshi. Panda. Utuonye mpaka mwisho."

Kiganja cha Tata Muteba kilifunika mdomo wangu. Alichelewa.

Sauti ilikatika.

Kimya... Hata maji hayakugonga ubao.

Kisha pua ya mashua ikashuka. Polepole, kama inavyoshuka mtu mzima anapopanda. Nikasikia nguo zinachuruzika. Nikamulika. Ubao wa mbele, na sanduku la barafu juu yake. Basi.

"Washa," nilinong'ona.

Aliunganisha waya, akawasha. Mashua ilikwenda ikiwa nzito mbele, na ingawa mkono wa Muteba ulikuwa umenyooka, ilijivuta kushoto. Alijaribu kuirudisha. Ilikataa. Hapo ndipo taa ya simu ilipoikamata: kamba ya chuma, imevutwa juu ya maji kwa kimo cha shingo ya mtu aliyekaa, kutoka kwenye pampu mpya ya kampuni ya mgodi. Bila taa. Bila kitambaa. Ilikata ile njia tuliyokuwa tunafuata kabla ya kuvutwa kushoto.

"Jana haikukuwa," Muteba alisema.

Siku nyingine ningeandika malalamiko, ningepanda mpaka ofisi ya mwisho. Pale nilishika ubao wa mashua tu.

Tulifika. Niliinua sanduku. Huko Dilala, hospitalini waliponikabidhi damu, nililibeba kwa mkono mmoja. Sasa nilitumia miwili, na magoti yakaniuma. Nilipolishusha nchi kavu, nyuma yangu pua ya mashua ilipanda juu, nyepesi.

Mimi niliona. Tata Muteba aliona. Akafunga mashua, akanifuata mpaka zahanati.

Mama Glodie alitundika mfuko wa kwanza, halafu wa pili. Rangi ikarudi kwenye midomo ya yaya. Mapigo yakatulia. Mtoto alilala kwenye kitanda chake kidogo chini ya dirisha.

"Ndaya, kaa chini," Mama Glodie aliniambia, akicheka. "Unamuangalia sawa mwalimu wa mtihani. Ameshapona."

Akatoka kuchemsha maji. Nikabaki na taa ya sola. Falonne alilala, mdomo wazi kidogo. Ikatoka kooni mwake.

Biiiiiii...

Nyembamba. Ndefu.

Nikaanza tena mwanzo. Maji: midomo yake mibichi. Damu: inadondoka sawasawa. Joto: niligusa paji lake. Vuguvugu tu. Mama Glodie alirudi, nikamuuliza kama anasikia. Alisikiliza kwa heshima, akasema kwamba nimechoka, nilale. Akaenda kumwona mgonjwa mwingine.

Tata Muteba alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, hataki kuvuka kizingiti. Yeye alikuwa anasikia.

"Ni ndefu, ao ni fupi-fupi?" aliuliza.

"Ndefu."

Hakumwangalia Falonne. Aliangalia chini ya dirisha.

Nilikuwa nimemwambia Kalenga atuonye mpaka mwisho, na sauti ilikuwa inapanda.

Nikashika taa, nikaenda kwenye kitanda cha mtoto, ambaye sikuwa nimemgusa bado.