Majirani wa Nyumba ya Njano

Mbambu, rafiki yangu anayesuka nywele mtaani Kabalagala, si mwongo, na ndiyo maana sipendi kukumbuka aliyonieleza.

Alikuwa na mchezo kwenye simu, wa kijiji ambamo unajenga nyumba na kufanya urafiki na majirani. Yeye alijenga nyumba ya njano. Jirani mmoja alikuwa na haya, mwingine na majivuno, na wa tatu alikuwa mzee mkali asiyeitikia salamu. Huyo mkali, Mbambu alimpa jina la Guerschom, kaka yake aliyefia njiani walipokimbia Kongo.

Mama yake alipoliona jina alishtuka. "Kaka yako hatujamkalia matanga, Mbambu. Unamwita wa nini?"

"Ni mchezo tu, Mama."

Jioni hiyo umeme ulikatika. Mbambu akaenda dukani kununua mshumaa, simu akaiacha mezani. Aliporudi alisikia kilio gizani, kilio cha watu wengi, kidogo sana, kama kinatoka chini ya blanketi. Kilikuwa kwenye simu.

Majirani wote walikuwa wameketi chini kuzunguka moto, mikono kichwani. Guerschom pekee alikuwa amesimama, akimpungia mkono aje, kwenye mlango wa nyumba ya njano.