Boksi Lenye Umbo la Jiko Langu

Jamani, wekeni kazi chini kidogo mnisikilize. Nimechoka, ila hili lazima niliseme.

Jamaa nisiyemjua aliingia karakanani kwangu, akalaza mezani kipande cha boksi kilichokatwa bapa. Anataka kaunta ya jiko ikatwe kwa umbo lile lile. Mbao halisi, siyo chipbodi.

Nikaliangalia lile boksi... nikaligeuza, nikaliangalia tena!

Lilikuwa jiko LANGU!

Msinicheke. Mimi ni seremala, kaunta ndizo zinazonilisha. Kuta za watu hazifanani, ndiyo maana mteja huanza kwa kukata boksi la kipimo. Hili lilikuwa na pengo la nguzo kushoto, halafu kule mwisho limekwenda upande, kufuata ukuta. Ule ukuta tuliupinda mimi na shemeji yangu siku tunajenga. Nitausahau vipi?

Sasa huyu mwanaume aliingiaje jikoni kwangu mpaka akapima kona zote?!

"Jiko la nani hili?"

"La mama mmoja. Kasema asitajwe."

"Mama mmoja... na wewe ni nani wake?"

"Fundi, unakata au hukati?"

Msumeno ulikuwa mkononi. Nikauweka chini kwanza, kwa usalama wetu sote.

"Anaitaka lini?"

"Jumamosi. Kasema wewe ukimpa mteja tarehe, huivunji."

Nikafunga karakana mchana kweupe. Boksi kwapani, huyo nyumbani. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kama mwehu.

Nikamkuta mke wangu jikoni anakata vitunguu. Juu ya nini? Juu ya mlango wa zamani! Niliuegesha juu ya matofali tulipohamia, nikasema ni wa muda tu. Kitinda mimba wetu alizaliwa ukiwa pale. Sasa anasoma shule.

Nikalitupa boksi mbele yake.

"Yule mwanaume ni nani?!"

Hakushtuka hata kidogo. Akaendelea na vitunguu vyake.

"Dereva wa teksi. Nilimtuma."

"Na nani alipima humu ndani?"

"Mimi. Boksi nimelikata kwa mkasi wa shule wa mtoto."

"Lakini mama watoto, mimi si nipo? Kwa nini usiniambie?"

Hapo ndipo akaweka kisu chini.

"Nimekuambia mpaka mdomo umeota sugu. Wateja wako unawapa tarehe. Mimi unanipa kesho. Nikaona bora na mimi niwe mteja."

Nikajaribu kutania. "Si unajua, mganga hajigangi..."

"Sawa. Ila wagonjwa wake wanapona. Mimi ndiye naumwa mgongo kwa kuinamia mlango."

Nilikuja kufumania, nikafumaniwa mimi!

"Basi naanza leo hii hii," nikasema.

"Hapana. Mimi ni mteja. Jumamosi."

Niliikata ile mbao kwa uangalifu ambao sijawahi kumpa mteja yeyote. Nikaisugua, nikaipaka mafuta juu na chini, hata upande usioonekana.

Jumamosi nikabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe.

"Karibu, fundi," akasema. Hakucheka.

Nikautoa ule mlango wa zamani. Kaunta ikaingia, ikakumbatia nguzo, ikafuata ule ukuta uliopinda bila kuacha mwanya wa kupitisha ukucha. Akapitisha kiganja juu yake, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka.

"Asante, fundi."

Jamani, bado ananiita fundi! Mezani fundi, chumbani fundi. Jana nimemwuliza kwa upole kabisa:

"Hivi lini utaniita tena mume wangu?"

Akanitazama. Akazima taa.

"Kesho," akasema.

Ndugu zangu, kama una fundi ndani ya nyumba, na wewe ndiye huyo fundi... amka ukamalize kazi ya nyumbani kwako. Neno kesho linauma sana likikugeukia.