Moja Limekomaa, Sifuri Changa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kifungo. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi vizuri, lakini kifungo cha tatu kilishonwa kwa uzi mweusi. Nikajua huyu anaishi peke yake na ameshona mwenyewe. Uso wake niliuona baadaye, maana mimi siwaangalii watu usoni haraka.

Ilikuwa Jumamosi. Soko la Tukuyu limejaa, mvua imetoka kukatika, ukungu umekaa juu ya mabati. Alikuwa ameinama mbele ya parachichi zangu, anazipiga picha kwa simu.

"We kaka," akasema Bi Amna, jirani yangu anayeuza viungo, "hapo ni sokoni, si studio. Unanunua au unatafuta mchumba?"

"Nanunua, mama. Hilo la pili tutaona."

Watu wakacheka. Nikajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Yeye akainua parachichi moja. "Dada, hili limekomaa?"

"Hapana."

"Umejuaje? Hujaligusa hata."

"Linang'aa. Na kikonyo bado kibichi. Hilo haliivi, litasinyaa tu."

Akanionyesha lingine, na lingine, mpaka kumi na mawili. Yote nilimjibu. Akasimama, akafuta tope kwenye goti.

"Naitwa Lutufyo, wa kijiji cha Matwebe. Wiki nzima nakutafuta, na nilikuwa hata sikujui."

Alikuwa amepanga chumba karibu na stendi na anajifunza mwenyewe kuandika programu za kompyuta. Alitaka simu iweze kulitazama parachichi na kusema kama limekomaa, kwa sababu wanunuzi wakikuta machanga wanarudisha mzigo mzima, na wakulima wanabaki wanalia. Kulikuwa na mradi uliotafuta kijana mmoja wa kupelekwa Dodoma kusoma mwaka mzima. Majaribio yangefanyika Kyimo, baada ya miezi mitatu, mbele ya wakulima wenyewe.

"Mimi shule niliachia darasa la tano," nikamwambia, "mama alipoanza kuugua." Nilisema hivyo ili aende zake. Hakwenda.

Tukawa tunakaa nyuma ya meza ya Bi Amna mchana, soko likipoa. Siku ya kwanza aliniandikisha mstari mmoja, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Nikabonyeza, na kompyuta ikaandika: Tusekile. Jina langu nilikuwa nimelizoea kwenye kadi ya kliniki tu.

Akanifundisha kwamba unaweza kuweka namba ndani ya jina, kama unavyoweka karanga kwenye kopo, halafu ukiliita jina, namba inatoka. Akanifundisha "kama" na "vinginevyo".

"Sasa si uiambie tu," nikasema, "kama linang'aa, ni changa?"

"Haijui kung'aa ni nini. Hata parachichi haioni, inaona namba za rangi. Kwa hiyo hatuipi kanuni. Tunaipa mifano mingi, kila mmoja na jibu lake, itafute yenyewe kinachotofautisha."

"Kama mama. Hakuwahi kunieleza. Alikuwa ananipa mkononi tu: hili ndilo, hili silo, hili ndilo."

Akanisogezea kompyuta. "Basi wewe ndiye mwalimu wa hii mashine." Tangu siku hiyo akaniita Mwalimu, na kila aliponiita nilisikia joto masikioni.

Tulipiga picha mia nane. Yeye alishika simu, mimi nilibonyeza: moja likiwa limekomaa, sifuri likiwa changa. Nilifanya kama nilivyozoea tangu utoto. Lililokomaa nililiweka moja kwa moja juu ya majani makavu ya mgomba, tayari kwa kuvundikwa. Changa nililitupa kwenye kiroba cheupe, la nguruwe. Yeye akalipiga picha hapo hapo lilipoangukia.

Jioni alikuwa ananipigia.

"Mwalimu, umekula?"

"Nimekula."

"Na nani?"

"Na wewe. Si uko hapa kwenye simu?"

Akacheka mpaka akakohoa. Sikuwahi kumtania mwanamume kabla ya hapo. Kesho yake nilimvua shati hapo hapo sokoni, Bi Amna akipiga vigelegele, nikakishona kile kifungo upya kwa uzi mweupe.

Kati ya zile picha, mia moja alizitenga mashine isizione, akaijaribu nazo. Ikapata tisini na saba. Akanishika mikono yote miwili.

"Nikifaulu Kyimo, mwezi ujao naondoka. Mwaka mmoja tu, Mwalimu wangu."

Dada yangu Atupokile aliambiwa mwaka mmoja na mtu wake aliyekwenda Dodoma. Huu sasa ni wa sita.

"Nenda tu," nikasema.

Akaniachia simu yake ya zamani yenye ile mashine, niizoee. Zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya majaribio, nikaielekeza kwenye parachichi changa lililobingirika likaangukia kwenye majani makavu. Ikasema: limekomaa. Nikalihamishia kwenye kiroba. Changa. Nikachukua lililokomaa kabisa, nikaliweka kwenye kiroba. Changa. Nikavua kandambili yangu, nikaiweka juu ya majani makavu.

Limekomaa.

Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Miezi yote mitatu mashine haikuwa imejifunza parachichi. Ilijifunza majani ya mgomba.

Alipiga jioni ile. "Mwalimu, imekaaje?"

"Iko vizuri," nikasema.

Kyimo waliweka meza ya plastiki, nyeupe kama kile kiroba. Mama yake Lutufyo alikaa mstari wa mbele, kitenge kipya, kilemba cha rangi moja nacho. Mgeni wa mradi akaweka parachichi la kwanza. Simu ikasema changa. La pili, changa. La tano, ambalo kila mkulima pale aliliona limekomaa, changa. Mzee mmoja akauliza kama simu nayo ina njaa hata haioni. Wakacheka. Mama yake akainuka taratibu, akatoka bila kugeuka.

"Aliyeweka majibu ni huyu!" Lutufyo akasema, kidole kikinielekea. "Hajamaliza hata darasa la saba. Mimi niliamini tu."

Watu wote walinitazama. Nilikaza macho kwenye vidole vya miguu yangu. Ningeweza kusema neno moja tu, lete majani makavu, na kila kitu kingeeleweka. Sikulisema. Nilirudi Tukuyu kwa miguu kwenye mvua, na sikupokea simu yake tena, ingawa alipiga siku kumi na moja mfululizo. Kisha nikasikia amehamia Mbeya mjini, anatengeneza simu za watu kwenye kibanda. Dodoma alikwenda mwingine.

Nililala na ile simu yake ya zamani chini ya mto miezi minane. Bi Amna alinikuta nalia, akadhani ni lile tusi la Kyimo. Nikamwacha adhani.

Juzi Jumamosi alikuja. Shati ni lile lile, limefifia kwenye kola, kifungo bado kimeshika. Amekonda. Hakunisalimia hata, alipiga magoti kwenye tope mbele ya parachichi zangu.

"Nimegundua, Tusekile. Nilizifungua zile picha zote upya, moja moja. Majibu yako yote yalikuwa sahihi, yote mia nane. Ni majani. Mimi ndiye niliyepiga picha bila kufikiri, halafu nikakufedhehesha mbele ya watu. Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Inuka, unachafuka."

"Siinuki. Niliwaambia wazee wangu ukweli. Hata mama nimemwambia kwamba hukukosea lolote. Amesema, mtu msafi wa moyo namna hiyo usimwache. Wakija kwenu mwezi ujao kuposa, mtawapokea?"

Bi Amna alishika kifua kwa mikono miwili. "Jibu, mwanangu! Mbona unamtazama tu?"

Nilikuwa namtazama, ndiyo. Usoni, kwa mara ya kwanza bila kuinamisha macho. Ningeitikia tu, ingetosha, na asingejua mpaka tunazeeka. Nikachukua parachichi changa, nikaliweka juu ya majani makavu.

"Lutufyo, nilijua. Siku tatu kabla ya Kyimo niliweka kandambili yangu hapa, simu yako ikasema limekomaa. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka ushindwe ubaki na mimi."